Jinsi ya kuandika riwaya yako ya kwanza ya mapenzi: marafiki wa utotoni na kasoro zao

Riwaya nyingi za mapenzi huanza na watu wawili wasiojuana. Msomaji huwafuata wakichunguzana, wakibahatisha na kushangazana, na mshangao huo humbeba nusu ya kitabu. Ukichagua marafiki wa utotoni, umejinyima utamu huo tangu ukurasa wa kwanza. Hawa wameogeshwa kwenye beseni moja. Kila mmoja anajua mwenzake aliacha lini kukojoa kitandani, na anajua baba wa mwenzake akilewa huimba wimbo gani. Sasa ni kitu gani kitamfanya msomaji akeshe na kitabu chako?

Kwa maoni yangu ni kasoro zao, na hasa kasoro ambayo mmoja aliiona kwa mwenzake wakiwa wadogo na mpaka leo hawajaizungumza. Hapo ndipo aina hii ya riwaya inapopata nguvu. Mgeni unaweza kumficha ubaya wako mpaka akupende. Rafiki wa utotoni ameshauona, na akikupenda atakuwa amekupenda huku anaujua.

Mwongozo huu ni kwa anayeandika kwa Kiswahili akiwa Uganda: Busia, Bombo, Arua, Kasese, Kampala, kambini au kwingineko. Nitatumia mfano mmoja toka mwanzo hadi mwisho. Topista na Wandera ni wahusika niliowabuni, na nimewaweka Walukuba, Jinja, mtaa wa wafanyakazi ambako watoto wa makabila mengi wamekua wakicheza kwa Kiswahili. Wewe weka wako unapopajua vizuri.

Hatua ya kwanza: tafuta kasoro kabla ya sura

Usianze na macho ya msichana wala urefu wa mvulana. Anza na jambo baya analolifanya mhusika wako mara kwa mara, jambo linaloumiza watu.

Waandishi chipukizi huogopa hapa. Wanataka mhusika apendwe, basi wanampa kasoro za mapambo: anafanya kazi kupita kiasi, ana wivu kidogo, hajui kupika. Hizo hazimzuii mtu kupendwa wala hazimgharimu jirani chochote. Kipimo changu ni rahisi: kasoro iwe imeshamlipisha mtu mwingine kitu, iwe pesa, nafasi, jina au afya. Kama hakuna aliyelipa, rudi ukatafute tena.

Wandera husema uongo ili apendwe. Hana nia ya kuiba wala kumdhuru mtu. Anachoshindwa ni kuvumilia uso wa mtu aliyekasirika mbele yake, basi humwambia kila mtu anachotaka kusikia. Ameahidi watu watatu kitu kimoja. Akina mama wa Walukuba wanamwita kijana mwenye adabu.

Topista hunyamaza. Huona kila kitu, hukiweka, na hukitoa siku atakapokihitaji. Watu humwita mpole. Wandera peke yake ndiye anayejua kwamba huo si upole, kwamba kuna daftari kichwani mwake na kila kosa limeandikwa na tarehe yake.

Ona jinsi kasoro hizi mbili zinavyoshikana. Mwongo anahitaji mtu atakayenyamaza, na mwenye kunyamaza anahitaji mtu mwenye siri. Hiyo ndiyo sababu halisi ya urafiki wao, ingawa wao wenyewe wangekuambia ni kwa sababu nyumba zao zilitazamana. Kasoro zisiposhikana hivi, utajikuta na wahusika wawili wenye matatizo yao mbalimbali, kila mmoja akingoja zamu ya kulia.

Kisha tafuta wema unaotoka mahali palepale. Kwa kuwa Wandera anajua watu wanataka kusikia nini, ndiye aliyeweza kumchekesha bibi yake Topista wiki alipokuwa mgonjwa na hataki kula. Kwa kuwa Topista hasahau, ndiye pekee anayekumbuka siku aliyofariki mama yake Wandera, na kila mwaka siku hiyo hupita kwao bila kusema lolote na kukaa nao. Msomaji akiona wema na ubaya vimetoka mahali pamoja, hawezi tena kumwambia Wandera "acha tu uongo" kama vile ni shati la kuvuliwa.

Lipo jambo moja nalisema kwa uzito. Mwanamume anayempiga mwanamke si "mhusika mwenye kasoro" wa kuponywa na mapenzi. Uganda ina sheria dhidi ya ukatili wa majumbani tangu 2010, na hata isingekuwepo, riwaya inayomfundisha msichana avumilie kipigo mpaka mume abadilike inamdhuru anayeisoma. Na sehemu za utotoni ziwe za urafiki tu. Mapenzi yaanze wakiwa watu wazima.

Hatua ya pili: tunga tukio moja la zamani, ulivunje vipande

Utoto wote hauingii kwenye riwaya. Chagua tukio moja ambapo kasoro zote mbili zilifanya kazi kwa pamoja na mtu wa tatu akalipa.

Langu ni hili. Mwaka 2008 Topista na Wandera wako darasa la saba. Mama yake Topista amepokea zamu yake ya nigina, ule mchango wa akina mama wa kuzungushana. Anamtuma Wandera akalipe deni dukani kwa sababu ndiye mtoto anayeaminika. Njiani vijana wakubwa wanacheza matatu, karata za pesa. Wandera anataka sana wamkubali. Anakaa, anacheza, anapoteza zote. Anarudi akilia na kusema amenyang'anywa na Musa, kijana anayeuza mayai ya kuchemsha. Watu wanamkamata Musa na kumpiga. Mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa, anapofika, mkono umeshavunjika, na hautanyooka tena vizuri. Topista aliuona mchezo wote wa karata akiwa bombani anachota maji. Hakusema.

Tukio la namna hii lina vitu vitatu unavyovihitaji: uongo wa mmoja, ukimya wa mwingine, na mtu aliyeumia ambaye bado yupo hai mtaani. Hicho cha tatu wengi hukisahau. Bila Musa, siri hii ni ya watu wawili na wanaweza kuimaliza kwa kukumbatiana. Musa akiwepo, kukumbatiana hakutoshi.

Usiisimulie yote kwa mkupuo. Mimi ningeivunja mara tatu. Katika sura za mwanzo msomaji ajue tu kwamba Wandera hanunui mayai barabarani, bila sababu kutolewa. Karibu na katikati ajue uongo wa Wandera, kupitia kumbukumbu za Wandera mwenyewe. Kimya cha Topista kifichuke mwisho kabisa, kwa sababu ndicho kizito zaidi: Wandera ameishi miaka yote hiyo akidhani hakuna aliyemwona. Siku atakapojua kwamba Topista alimwona na akaendelea kula naye sahani moja, hatajua kama huo ulikuwa upendo au ni mtego.

Hiyo ndiyo sentensi ya riwaya nzima. Ukiipata yako, iandike kwenye karatasi uibandike mbele ya meza.

Hatua ya tatu: watenganishe, na uweke kalenda ya kweli

Marafiki ambao hawajawahi kuachana hawawezi kutazamana kwa macho mapya. Lazima wakae mbali muda wa kutosha ili kile kila mmoja anachokijua juu ya mwenzake kipitwe na wakati. Miaka mitatu, minne, inatosha.

Shule za bweni huwatenganisha watoto wa Uganda mapema, na kyeyo, kazi za kutafuta ng'ambo, huwatenganisha wakubwa. Wandera anakwenda Dubai mwaka 2017 kuwa mlinzi. Topista anabaki, anasomea ualimu, anafundisha shule ya binafsi.

Sasa chukua daftari uandike mwaka baada ya mwaka: wahusika wana umri gani, wako wapi, na nchi ilikuwa katika hali gani. Fanya kazi hii kwa uangalifu, kwa maana miaka ya karibuni ya Uganda imejaa vizuizi ambavyo hakuna mwandishi angeweza kuvibuni vizuri zaidi.

Tarehe 1 Julai 2018 ilianza kodi ya mitandao ya kijamii, shilingi 200 kwa siku. Fikiria Topista, mwalimu wa mshahara mdogo, anaamua kila asubuhi kama leo atalipa ili aone ujumbe wa Wandera. Siku ambayo amelipa na hakuna ujumbe ni ukurasa mzima. Na siku anapolipa bila kuwa na shida ya kuwasiliana na mtu yeyote, isipokuwa kuona tu kama jina lake linaonyesha yuko hewani, msomaji ameshaelewa kabla Topista hajaelewa.

Machi 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya korona, na hazikufunguliwa kikamilifu mpaka Januari 2022. Walimu wengi wa shule za binafsi walibaki bila mshahara. Topista anachoma gonja, zile ndizi tamu, na kuuza kando ya barabara. Uwanja wa ndege wa Entebbe ulifungwa mwezi huohuo wa Machi kwa abiria wa kawaida, ukafunguliwa tena Oktoba 2020. Kwa hiyo Wandera, hata kama kazi imekwisha, hawezi kurudi kabla ya hapo. Ukiandika ameshuka Entebbe Julai 2020 kwa ndege ya kawaida, msomaji yeyote aliyekuwa na ndugu aliyekwama nje atakifunga kitabu.

Halafu Januari 2021. Uchaguzi ulikuwa tarehe 14, na usiku wa kuamkia siku hiyo intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Wandera ameketi usiku akiandika ujumbe mrefu wa kukiri kila kitu. Anaubonyeza uende. Hauendi. Mtu aliyezoea kusema mambo magumu kwa kujificha nyuma ya simu sasa lazima aende kwa miguu, asimame mlangoni, aseme kwa mdomo. Au asiende. Na kafyu ya usiku ya korona ilikuwa bado ipo. Tukio hili nisingeliacha hata kwa kulipwa.

Hatua ya nne: amua wanazungumza Kiswahili gani

Kwa sisi wa Uganda swali hili ni zito kuliko kwa wenzetu wa Mombasa au Tanga. Amin alikitangaza Kiswahili lugha ya taifa mwaka 1973. Katiba ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2005 kikawa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe shuleni kwa lazima. Hayo ni ya karatasini. Katika kumbukumbu za wazee wengi, hasa Buganda, Kiswahili ni sauti ya askari kwenye kizuizi cha barabarani. Wewe unaandika mapenzi kwa lugha hiyohiyo. Usilikwepe jambo hilo, litie kwenye hadithi: shangazi wa Topista kutoka kijijini anamsikia Wandera akimsalimia kwa Kiswahili na mabega yanamkakamaa kabla hajajua kwa nini.

Kwa usimulizi, tumia Kiswahili sanifu kilichonyooka. Kitabu chako kitasomwa Nairobi na Mwanza pia. Kwa mazungumzo, waache watu waseme wanavyosema. Kiswahili cha mitaani Uganda hakifuati sana upatanisho wa ngeli, na mtu wa Walukuba atakuambia "hii maneno yako iko mingi" bila aibu yoyote. Lakini kijiko kimoja kinatosha. Ukiharibu sarufi katika kila mstari, msomaji ataona unawadharau watu wako. Chagua mhusika mmoja au wawili wenye lafudhi hiyo, tuseme mzee wa dukani na mwendesha bodaboda, na wengine waonyeshe kwa neno mojamoja.

Mbinu ninayoipenda zaidi ni kuzigawa lugha kwa vipindi vya maisha. Topista na Wandera wakiwa wakubwa huzungumza Kiingereza cha watu waliosoma, hasa wanapokuwa na hasira au wanapojilinda. Kiswahili ni lugha ya uani, ya mpira wa matambara na kuchota maji. Unaweza kuonyesha hilo bila kuandika Kiingereza hata kidogo. Sema tu "alimjibu kwa Kiingereza" na mlango umeshafungwa. Siku mmoja wao anaporudi kwenye Kiswahili cha uani katikati ya ugomvi, msomaji anasikia ngome ikianguka.

Majina ya utani hufanya kazi hiyohiyo. Wandera amemwita Topi tangu wakiwa na miaka sita. Siku anapomwita Topista kwa mara ya kwanza, jina zima, taratibu, hahitaji kueleza chochote. Panga siku hiyo mapema na usiipoteze kwenye sura ya pili.

Mandhari sitayarefusha. Jinja ina mto, ina bwawa la Nalubaale, ina daraja jipya lililofunguliwa Oktoba 2018. Wandera aliondoka 2017, kwa hiyo anapovuka daraja hilo akirudi ni mara yake ya kwanza, na hayo tu yanatosha kumwambia msomaji muda umepita. Usimpe msomaji matembezi ya mtalii kwenye chanzo cha mto Nile. Mtu wa Jinja hukaa mwaka mzima bila kwenda pale.

Hatua ya tano: andika mageuzi ya macho, polepole

Hapa ndipo riwaya za aina hii hufa. Mwandishi anataka haraka, anaandika kwamba siku moja alimtazama na "moyo ukaruka", halafu sura inayofuata wamebusiana. Msomaji anauliza, na miaka ishirini yote moyo ulikuwa wapi?

Mageuzi huanza pale mmoja anapogundua kwamba kuna kitu asichokijua. Wandera akitoka Kampala na teksi anasimama Namawojjolo, mahali ambapo wauzaji hukimbilia madirisha ya magari na nyama za kuchoma. Ananunua gonja, kwa sababu Topi alikuwa akiipenda tangu utotoni. Anafika nayo mlangoni, bado ina joto. Topista anaishika, anashukuru, anaiweka mezani, haili. Hawezi tena kula gonja. Miezi ile yote aliyoichoma barabarani, moshi ukimwingia machoni huku wazazi wa wanafunzi wake wakipita na kujifanya hawamwoni, imemuulia hamu yake. Wandera hajui hayo. Kwa mara ya kwanza maishani anamtazama mtu huyu na kuona kuna chumba ndani yake ambacho hajawahi kuingia. Hapo ndipo mapenzi yanapoanza kuota, kwenye sahani ambayo haikuguswa.

Andika matukio matano au sita ya namna hiyo kabla ya mguso wowote, na yapishane: mara Wandera ndiye anayegundua, mara Topista. Topista agundue kwamba Wandera Dubai aliwahi kupoteza kazi kwa kusema ukweli, jambo lisiloingia kwenye daftari lake. Angalau tukio moja liwe la kuonwa na mtu wa nje. Mtoto mdogo wa jirani anauliza, "Huyu ni bwana wako?" na wote wawili wanajibu haraka mno.

Mwili uje mwishoni na uje kwa heshima. Wameshikana mikono mara elfu wakivuka barabara. Kwa hiyo mkono pekee hauna habari mpya. Habari mpya ni mkono unaochelewa kuachia.

Hatua ya sita: majina, koo na ndugu

Kwa ufupi, lakini usiruke. Majina mengi ya Kiganda hubeba ukoo, na watu wa ukoo mmoja hawaoani. Busoga nako ni hivyo. Ukiwapa wapenzi wako majina ya ukoo mmoja bila kujua, msomaji wa Masaka atashtuka kabla ya sura ya tatu. Muulize mzee. Ukimwita mhusika Babirye, msomaji atamtafuta pacha wake, Nakato au Kato, basi uwe na jibu. Na kama ni kwa makusudi unataka ukoo mmoja uwe kizuizi, vizuri sana, lakini kisichukue kazi ya kasoro. Kizuizi cha nje kinaweza kuondolewa na wazee kwenye kikao. Uongo wa Wandera hakuna kikao kinachouondoa.

Ndugu wawe watu. Shangazi, ssenga kama wanavyomwita Buganda, ana nafasi yake ya asili katika mambo ya ndoa, na riwaya nyingi humgeuza kichekesho. Mpe shangazi wa Topista maoni yenye akili. Yeye ndiye anayeweza kumwambia Topista maneno ambayo mama hawezi: "Huyo kijana namjua. Swali langu ni wewe. Utamwambia lini uliyoyaona?"

Hatua ya saba: wagombanishe kwa haki, na suluhu ipite kwa aliyeumia

Ugomvi mkubwa usitokane na kutoelewana kwa kijinga, kama vile kumwona akiongea na msichana mwingine sokoni. Utokane na kasoro zilezile za hatua ya kwanza, sasa zikiwa na bei ya watu wazima. Wandera anachukua mkopo akimwambia Topista ni akiba yake. Topista anajua siku ya pili, na ananyamaza miezi miwili akingoja aone atafika wapi. Bomu linapolipuka, kila mmoja ana haki ya kumwambia mwenzake: umerudia.

Ndipo siri ya mwaka 2008 inapotoka, na ndipo wanapoachana.

Suluhu sasa. Waandishi wengi huwarudisha wapenzi kwa mvua, machozi na msamaha wa usiku mmoja. Kwa marafiki wenye deni la zamani, msamaha wao kwa wao ni rahisi mno, kwa sababu si wao walioumia. Lazima waende kwa Musa. Musa siku hizi anatengeneza pikipiki kwa mkono mmoja na nusu. Mpe sura yake mwenyewe, kwa mtazamo wake, kabla hawajafika. Ana mke, ana watoto, ana siku za kufurahi ambazo hawafikirii hata kidogo hawa wawili. Msomaji akimwona hivyo hatamchukua kuwa chombo cha kusafishia dhamiri za wengine.

Na asisamehe kwenye ukurasa uleule. Mimi ningemfanya aombe jambo moja lililo wazi: Wandera arudie kukiri kwake mbele ya mwenyekiti wa LC na mbele ya wale waliompiga, ambao baadhi bado wanamwita mwizi. Na Topista aseme alikuwa wapi siku ile. Kwa Wandera hiyo ni adhabu iliyopimwa mwili wake: atasimama mbele ya nyuso zilizokasirika, kitu alichokikimbia maisha yake yote, na hatakuwa na neno tamu la kuwaambia. Kwa Topista pia, maana lazima afungue mdomo wakati ambapo kusema hakumpi faida yoyote.

Msomaji wa riwaya ya mapenzi anataka wawe pamoja mwishoni, na ana haki hiyo. Mpe. Lakini wasiwe wamepona kabisa. Katika sura ya mwisho Wandera aanze kusema uongo mdogo wa kawaida, ajikamate katikati ya sentensi, aseme ukweli ambao unamuudhi Topista kweli. Naye Topista akasirike palepale, kwa sauti, badala ya kuandika daftarini. Kwa wawili hawa ugomvi huo wa jikoni una thamani kuliko harusi. Ukiweka kwanjula, ile sherehe ya kutambulishana kwa wazazi, na kanzu na gomesi zake, iwe fupi.

Hatua ya nane: andika rasimu, kisha isome kwa sauti

Lenga maneno 50,000. Sura 25 za maneno 2,000 kila moja ni kipimo kizuri kwa riwaya ya kwanza. Kwa maneno 500 kwa siku utamaliza rasimu kwa siku 100 za kuandika, na maneno 500 yanaandikika kwenye simu hata umeme ukikatika. Usirekebishe sura ya kwanza kabla hujaandika ya mwisho. Kila jioni jitumie nakala kwa barua pepe, simu huibwa.

Rasimu ikikamilika iache wiki tatu, kisha isome yote kwa sauti. Mazungumzo ya uongo husikika mdomoni kabla ya kuonekana machoni. Halafu tafuta wasomaji wawili: mmoja aliyekulia kwenye Kiswahili cha Uganda, mwingine wa Kenya au Tanzania. Wa kwanza akuambie ni wapi watu wako hawazungumzi hivyo. Wa pili akuonyeshe ni wapi alikwama. Wote wawili uwaulize swali moja tu la hadithi: ni ukurasa gani ulijua wanapendana? Kama wametaja ukurasa wa 5, umewahi mno. Kama wametaja ule wa busu, umechelewa.

Hatua ya tisa: kitabu kitoke

Haki yako ya kunakili inaanza pale unapoliandika neno, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2006. Ukitaka uthibitisho, unaweza kuisajili URSB, ofisi ya serikali ya usajili. Nambari ya ISBN, ya kukitambulisha kitabu, hutolewa na Maktaba ya Taifa ya Uganda.

Nyumba za uchapishaji za Kampala zimejengwa zaidi juu ya vitabu vya shule na vya Kiingereza, kwa hiyo uliza kwanza kama wanapokea riwaya ya Kiswahili kabla hujapeleka mswada. FEMRITE, chama cha waandishi wanawake kilichoanza katikati ya miaka ya 1990 chenye makao Kamwokya, kinajulikana kwa vikao vyake vya Jumatatu ambapo waandishi husomeana kazi zao. Huko Kiingereza hutawala, lakini jicho la mwandishi mzoefu juu ya msuko wako linafaa kwa lugha yoyote. Peleka pia mswada kwa wachapishaji wa Nairobi na Dar es Salaam, na fuatilia tangazo la Tuzo ya Safal-Cornell ya Fasihi ya Kiafrika kwa Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2014, ambayo hupokea hata miswada isiyochapishwa. Usikatae fursa hiyo kwa kudhani ni ya watu wa pwani.

Ukiamua kuchapa mwenyewe, utaishia barabara ya Nasser, mtaa wa wachapaji Kampala, kama wengi wetu. Mlipe mhariri kabla ya kumlipa mchapaji. Agiza nakala 100, usizidishe. Dai nakala moja ya majaribio, isome yote, kisha ivute kurasa za katikati kwa nguvu uone kama gundi inashika. Usimalize kulipa siku ya kuchukua mzigo mpaka umefungua nakala kadhaa kutoka pande tofauti za boksi na kuhakikisha kurasa ziko kwa mpangilio, hakuna iliyopinduliwa, na sura ya Musa haijaachwa nje.